NANI ANALISHIKA DAFTARI LA MSHENGA?

Kazi ya kuwakutanisha watu wasiojuana ni kazi kongwe, na haikupata kuwa kazi nyepesi. Mshenga wa pwani yetu hakuokotwa njiani. Alichaguliwa kwa kuwa alizijua nyumba zote mbili, aliijua siri ya kila upande, na aliaminiwa kwamba siri ya huku hataipeleka kule ila kwa kadiri inayohitajika. Posa ikikubaliwa alipata heshima yake pamoja na kitu kidogo cha kufutia jasho. Ndoa ikiharibika, lawama ya kwanza ilimfika yeye, wala hakuwa na pa kujificha, maana aliishi mtaa huohuo na kusali msikiti huohuo.

Leo kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, imekwenda kwenye mashine. Mamilioni ya watu duniani, vijana wetu wa mjini na wa mashamba wakiwamo, hupata rafiki, mchumba, mshirika wa biashara na hata kundi la siasa kwa kupendekezewa na kompyuta ambazo hawajapata kuziona, zilizo katika nchi ambazo hawatafika, na zinazomilikiwa na watu wasioujua mtaa wao. Wako wanaoilaani mashine hii kuwa ni ya shetani, na wako wanaoisifu kana kwamba imeteremshwa. Makundi yote mawili yana kasoro moja: hayajafunua kifuniko chake kutazama ndani. Yafaa tufunue.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1959 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jim Harvey na Phil Fialer, waliwapa wanaume 49 na wanawake 49 maswali ya kujaza, wakaitumia kompyuta ya IBM 650 ya chuo kuwapanga wawili wawili. Ilikuwa kazi ya darasani, na nusu yake mzaha. Mwaka 1964, mjini London, mwanamke aitwaye Joan Ball aliigeuza fikra hiyo kuwa biashara. Inafaa kumtaja kwa sababu vitabu vingi humsahau na kuwapa sifa vijana wa Harvard waliomfuata. Mwaka 1965 Jeff Tarr na Vaughan Morrill, wanafunzi wa Harvard, walianzisha shughuli waliyoiita Operation Match. Kijana alilipa dola 3, akajaza fomu ambayo sehemu moja alijieleza yeye mwenyewe na sehemu ya pili akamweleza yule amtakaye: kimo, dini, rangi, elimu, tabia. Majibu yalitobolewa kwenye kadi, kadi zikapitishwa kwenye kompyuta ya kukodi, na baada ya siku kadhaa posta ilimletea orodha ya majina na namba za simu. Fomu zilimiminika kwa makumi ya maelfu.

Msomaji wa makamo asishangae sana. Sisi nasi tulikuwa na mashine yetu, ila haikuwa na umeme. Nani asiyezikumbuka safu za marafiki wa kalamu katika magazeti na majarida yetu? Jina, umri, sanduku la posta, kisha yale anayoyapenda: kubadilishana mawazo, kukusanya stempu, kandanda, kusoma hadithi. Kijana wa Tanga aliisoma orodha, akamwona mwenziwe wa Bukoba apendaye stempu, akanunua bahasha. Hali kadhalika vipindi vya salamu vya redio: watu wasiopata kuonana uso kwa uso walizoeana kwa majina tu, wakaunda vyama vya wapenda salamu, wakazikana na kuozana. Katika hayo yote msomaji au msikilizaji ndiye aliyechagua. Gazeti liliweka orodha mezani likanyamaza. Mashine ya leo hainyamazi. Inachagua nani umwone, nani usimwone, na nani umwone kwanza.

Hatua ya kuchagua kwa niaba ya mtu ilikuja kwa njia ya pembeni, kupitia vitu kabla ya watu. Mwaka 1994 wataalamu wa chuo cha MIT na Chuo Kikuu cha Minnesota, akina Paul Resnick na John Riedl, walieleza mtambo walioupa jina la GroupLens. Shida yao ilikuwa wingi wa makala katika mabaraza ya majadiliano ya wakati ule. Hakuna aliyeweza kuyasoma yote. Wakawaomba wasomaji wazipe makala alama. Kompyuta iliwatafuta watu ambao alama zao zimefanana na zako siku za nyuma, ikatazama makala walizozisifu ambazo wewe hujazisoma, ikakuletea hizo. Fikra ni nyepesi, na kila mtu huitumia akimwuliza rafiki mwenye ladha kama yake kuhusu chakula cha mkahawa mpya. Lakini tazama lililofanyika chini kwa chini: ili kukuletea makala, mashine ilikuwa imekwisha kuwajua watu wanaofanana nawe. Ilikuwa na ndugu zako wa fikra ndani ya daftari lake, na haikukutajia. Kutoka hapo hadi kukuletea watu wenyewe ilikuwa hatua moja.

Hatua hiyo moja, hata hivyo, ilivuka mto mpana. Kitabu hakina ridhaa. Ukipendekezewa kitabu ukakipenda, shughuli imekwisha. Kitabu hakitasema kwamba hakikutaki. Mtu ana ridhaa yake. Sisi tuliokaa chini ya mwalimu wa chuo tulifundishwa kwamba akdi ya ndoa ina nguzo, na miongoni mwake ni ijabu na kabuli: tamko la kutoa na tamko la kupokea. Ijabu bila ya kabuli ni sauti tu hewani. Wataalamu wa kompyuta walichukua miaka kuligundua jambo ambalo kila mwozeshaji analijua, na walipoligundua wakalipa sura ya hesabu.

Chukua mfano wa mtandao wa OkCupid, ulioanzishwa mwaka 2004 na vijana wanne, wahitimu wa Harvard. Kila swali lake lilikuwa na mambo matatu: jibu lako, majibu ambayo ungeyakubali kwa mwenzako, na uzito unaolipa swali hilo. Kompyuta ilipima kwanza Asha anamridhisha Juma kwa kiasi gani, kisha Juma anamridhisha Asha kwa kiasi gani. Tuseme kipimo cha kwanza ni asilimia 90 na cha pili ni asilimia 40. Mtu mwenye haraka angejumlisha na kugawa kwa mbili, apate 65. Mtandao ule ulizidisha 90 kwa 40, ukapata 3,600, kisha ukatafuta kipeuo chake cha pili, yaani 60. Tofauti ya tano si kubwa. Lakini sasa tuseme upande mmoja umeridhika kwa asilimia 100 na upande wa pili kwa sifuri. Kujumlisha na kugawa kunaleta 50, kana kwamba pana nusu ya ndoa. Kuzidisha kunaleta sifuri. Hapo kanuni ya hesabu na kanuni ya fiqhi zimekaa mkeka mmoja.

(Na kwa kuwa tumetaja kanuni: neno la Kizungu la kanuni za kompyuta, algoridhimu, ni jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9, lililopinduliwa na ndimi za Ulaya. Vijana wetu wanaodhani kwamba mambo haya ni ya watu wengine tangu asili wangefaa kuambiwa hivyo.)

Pana shida ya pili, ambayo kitabu hakina wala ndoa ya mtaani haina kwa ukubwa huo. Kitabu kimoja kikipendekezwa kwa watu milioni, mpiga chapa atafurahi na kuchapa vingine. Binti mmoja akipendekezwa kwa wanaume elfu kwa kuwa anapendwa na wengi, hakuna wa kumchapa tena. Yeye atazama katika barua asizoweza kuzijibu, elfu watangoja bure, na mamia ya mabinti wengine hawataonekana na mtu. Mashine inayotazama upendeleo tu huzalisha umati mlangoni pa wachache na ukimya mlangoni pa wengi. Kwa hiyo waundaji wa mitambo hii hulazimika kugawa nafasi, na anayegawa nafasi ya kuonekana ameshika jambo zito kuliko anavyokiri.

Hesabu ya kugawa kwa haki ilikuwapo tangu zamani, na iliandikwa kwa mfano wa ndoa. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley, wanahesabu wa Marekani, walichapisha makala fupi isiyohitaji hesabu ya juu kuielewa. Walisema hivi. Kila mwanamume aposee kwa yule ampendaye zaidi. Kila mwanamke aliyepata posa nyingi aishike ile iliyo bora kwake bila ya kuikubali moja kwa moja, na azikatae zilizobaki. Waliokataliwa waende kwa chaguo lao la pili, na mwanamke akipata bora zaidi aruhusiwe kuiachia aliyoishika. Mwendo uendelee hadi asiwepo wa kukataliwa tena. Wakathibitisha kwamba mwisho wake hautakuwapo mume na mke wawili, kila mmoja akiwa na mwingine, ambao wote wawili wangependelea kutoroka pamoja. Hiyo ndiyo waliyoiita ndoa thabiti.

Ila ndani ya kanuni hiyo nzuri mlikuwa na jambo ambalo kila mpenda haki yapasa alikamate kwa mikono miwili. Tuseme Ali ampenda Chiku kwanza, na Bakari ampenda Dalila kwanza. Chiku ampenda Bakari kwanza, na Dalila ampenda Ali kwanza. Wakiposa wanaume, Ali atapata Chiku na Bakari atapata Dalila. Kila mwanamume amepata chaguo lake la kwanza, kila mwanamke amepata la pili. Wakiposa wanawake, matokeo yatapinduka. Mipango yote miwili ni thabiti, hakuna wa kutoroka. Gale na Shapley walionyesha kwamba hivi ndivyo ilivyo daima: upande unaoposa hupata lililo bora katika yote yawezekanayo, na mwingine ukathibitika baadaye kuwa hupata lililo duni. Kanuni ileile, watu walewale, matakwa yaleyale; kilichobadilika ni nani aliyepewa haki ya kusema kwanza. Asiyejua siasa iko wapi ndani ya kompyuta, basi iko hapo.

Wala si fumbo la darasani. Nchini Marekani madaktari wanaohitimu hupangiwa hospitali za kufanyia mafunzo kwa mpango wa namna hiyo tangu mwaka 1952, miaka kumi kabla ya makala yenyewe kuandikwa. Siku hizi zaidi ya watu 40,000 hujiandikisha kila mwaka. Kwa miongo kadhaa kanuni ilikuwa ile ambayo hospitali ndizo zinazoposa. Wanafunzi walipolitambua hilo walilalamika, na mwaka 1998 mpango ulianza kutumia kanuni mpya, iliyoundwa na Alvin Roth na Elliott Peranson, ambamo wanafunzi ndio wanaoposa. Roth na Shapley walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amefariki mwaka 2008. Roth huyohuyo, pamoja na Tayfun Sönmez na Utku Ünver, aliipeleka hesabu hii mahali pazito zaidi: kwa wagonjwa wa figo. Mke yu tayari kumpa mumewe figo, lakini damu hazipatani. Jozi nyingine ina shida hiyohiyo kwa upande wa pili. Kompyuta inazitambua jozi hizo mbili na kubadilishana kunafanyika. Watu wako hai leo kwa sababu ya daftari lililopangwa vizuri, na hakuna figo iliyouzwa.

Ndiyo maana mwandishi huyu hawaungi mkono wale wanaotaka mitambo hii ikataliwe kwa jumla. Serikali yetu kila mwaka huwapanga vijana wengi waliomaliza kidato cha nne katika shule za kidato cha tano na vyuo, kwa kutazama ufaulu na machaguo yao. Jirani zetu wa Kenya wana chombo maalumu cha kuwapanga wanafunzi wa vyuo vikuu. Hiyo ni kazi ya kulinganisha watu na nafasi, sawasawa na ile ya madaktari. Mzazi wa Lushoto au wa Pangani anayo haki ya kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kanuni inayompanga mwanawe: nani anasema kwanza, na je, mtoto akiandika chaguo lake la kweli atadhurika? Katika kanuni ya Gale na Shapley upande unaoposa hauna faida ya kusema uongo. Katika kanuni nyingine ziko faida, na mtoto wa mwenye kujua mambo huambiwa nyumbani namna ya kujaza fomu kwa hila, ilhali mtoto wa mkulima hujaza yaliyo moyoni.

Turejee kwa wauza urafiki. Mshenga wetu alipata heshima yake kazi ilipokwisha. Kampuni ya mtandao hupata fedha kazi ikiendelea. Anayelipa ada ya mwezi akipata mchumba mwema huondoka yeye, na mchumba huondoka naye. Wateja wawili wamepotea kwa siku moja. Hatusemi kwamba kila kampuni huharibu kazi yake kwa makusudi. Tunasema kwamba mizani ya faida haikuwekwa upande wa mteja, na mwenye akili hutazama mizani kwanza. Tena wenye mizani si wengi. Kampuni moja ya Marekani, Match Group, inamiliki Tinder, Hinge, OkCupid na Match.com, na nyingine nyingi. Kijana anayechoka na mmoja na kuhamia mwingine akidhani amehama mtaa, amehama chumba tu katika nyumba ileile.

Mwaka 2014 tulipewa nafasi adimu ya kuchungulia. Mmoja wa waanzilishi wa OkCupid, Christian Rudder, aliandika waziwazi kwamba mtandao wao uliwafanyia watu majaribio. Waliwachukua watu ambao hesabu ilisema wanafaana kwa asilimia 30 tu, wakawaambia kwamba wanafaana kwa asilimia 90. Kwa kawaida jozi dhaifu namna hiyo, mmoja akiandika barua ya kwanza, uwezekano wa mazungumzo kufika barua nne ulikuwa asilimia 10. Walipodanganywa, ulipanda hadi asilimia 17. Jozi zilizofaana kweli na kuambiwa kweli zilifika asilimia 20. Pima mwenyewe. Sehemu kubwa ya nguvu ya mashine haikuwa katika kujua. Ilikuwa katika kuaminiwa. Mshenga akisema "huyu ni wako," watu walitazamana kwa jicho jema na wakavumiliana. Mshenga wa mtaani akibainika kuwa amesema uongo kwa makusudi, ili aone tu litatokea nini, asingepata mtu wa kumtuma tena. Hawa waliandika makala, wakaendelea na biashara.

Basi mashine inajua kitu gani hasa? Mwaka 2017 wanasaikolojia Samantha Joel, Paul Eastwick na Eli Finkel walitoa matokeo ya utafiti wao. Waliwapa watu maswali ya sifa na matakwa zaidi ya 100, kisha wakawakutanisha kwa mazungumzo ya dakika chache chache, na kompyuta ikatakiwa itabiri. Iliweza kwa kiasi kutabiri nani atapendwa na wengi, na nani ni mwepesi wa kupenda. Lililo muhimu, yaani fulani na fulani kuvutana wao kwa wao kuliko wanavyovutana na wengine, halikutabirika hata kidogo. Utakuta matangazo ya biashara yakizungumzia sayansi ya mapenzi; sayansi yenyewe imesema hivyo. Kwa upande wa mambo ya kupenda pamoja, kama mpira, ushairi, ufugaji nyuki au lugha ya Kiarabu, mashine hufaulu zaidi, kwa sababu pale hutafutwa mahali pa kuanzia mazungumzo, na mahali pa kuanzia papo kwenye daftari.

Hapa pana neno la kufu, nalo ni zito kwetu. Wanavyuoni walijadili sana mwanamke aolewe na nani aliye kufu yake. Madhehebu mengine yalihesabu nasaba na kazi ya baba, na Maliki wakatilia mkazo dini. Mjadala ule ulikuwa na hekima yake, lakini pwani hii tunajua ulivyotumiwa: miaka mingi baada ya utumwa kupigwa marufuku, kijana hodari mwenye dini yake aliambiwa si kufu, kwa sababu ya babu wa babu yake. Mapinduzi na uhuru vilipigana na jambo hilo kwa maneno na kwa sheria. Sasa mashine inayojifunza kutokana na barua na mibonyezo ya zamani haijui Azimio lolote. Ikiwa jana watu wa mtaa fulani, au wa rangi fulani, au wa kabila fulani hawakujibiwa, kesho haitawaonyesha, kwa kuwa imehesabu kwamba hawatajibiwa. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney, Luiz Pizzato na wenzake, walieleza mtambo wao wa RECON, ambao hauulizi maswali bali hujifunza matakwa ya mtu kutokana na barua alizopeleka. Ni kazi ya ustadi, na iliheshimu ridhaa ya pande mbili. Lakini kujifunza kutokana na matendo ya jana ni kurithi na chuki za jana, na kompyuta haina aibu ya kuzificha wala dhamiri ya kuzikataa. Asiyeonekana hajui kwamba haonekani. Hudhani hana bahati.

Na kufanana si katika mapenzi tu. Mitandao hukupendekezea vikundi vya kujiunga navyo kwa kanuni zilezile za watu wanaofanana nawe. Mwezi Mei 2020 gazeti la Wall Street Journal lilitoa habari za waraka wa ndani wa Facebook wa mwaka 2016. Waraka ulisema kwamba asilimia 64 ya kujiunga na vikundi vya itikadi kali kulitokana na mapendekezo ya mtambo wenyewe. Mtu mwenye kinyongo, ambaye katika kijiji angekaa na kinyongo chake peke yake hadi wazee wamtulize, alikutanishwa na wenye kinyongo elfu moja. Majirani zetu wamekwisha kulipeleka jambo la jinsi hiyo mahakamani. Mwezi Desemba 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi, dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook, ikidai kwamba kanuni zake zilisaidia kueneza maneno ya chuki wakati wa vita vya kaskazini mwa Ethiopia. Kampuni ilipinga kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba inayo. Kesi yenyewe ni jambo la kusikilizwa, lakini uamuzi ule wa kwanza una uzito: anayewapanga watu wa Afrika aweza kuitwa ajieleze katika Afrika.

Kwa upande wetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu ulinzi dhidi ya maamuzi mazito yanayotolewa na mashine peke yake. Sheria zipo, wanaozijua ni wachache mno. Matawi, jumuiya za vijana, vyama vya ushirika na shule zina kazi ya kufanya hapa kuliko kungoja semina za mjini. Kijana anayejaza dini yake, maradhi yake na matamanio yake ya siri kwenye simu ili atafutiwe mwenzi, ajue kwamba anayo haki ya kuuliza yanakaa wapi, nani mwingine amepewa, na yafutwe vipi. Na matapeli wanaojifanya wachumba ili kuomba fedha nao hujipenyeza kwa kulisoma daftari hilohilo; hilo wengi tumekwisha kulisikia, hatuna haja ya kulirefusha.

Wengine watajibu kwamba haiwezekani kumfanyia mtu ushenga bila ya kuyashika mambo yake yote mahali pamoja. Iliwezekana. Katika miaka ya 1990, huko MIT, Leonard Foner alitengeneza mtambo aliouita Yenta, neno la Kiyidi ambalo Wamarekani hulitumia kwa mwanamke mwenye habari za watu wote na mpenda kuozesha. Yenta hakuwa na daftari kuu. Kila mtu alikuwa na yenta wake ndani ya kompyuta yake mwenyewe, aliyesoma barua na maandishi ya bwana wake na kutambua anashughulika na mambo gani. Yenta huyo alizungumza na yenta wengine kwa maneno yaliyofungwa kwa siri, akiulizana nao kama wanavyoulizana watu sokoni: "Wangu anashughulikia hiki, wako je? Kama siye, unamjua mwingine?" Wenye hamu moja walikusanyika kidogo kidogo katika vikundi, na majina hayakutolewa hadi mwenye jina aridhie. Hapakuwa na mtu wa katikati wa kuuza orodha, kwa sababu orodha haikuwapo. Foner aliikamilisha tasnifu yake juu ya mtambo huo mwaka 1999. Haukuenea, na hakuna tajiri aliyeutafuta, maana hapakuwa na cha kutajirikia. Miaka mitano baadaye, katika bweni la Harvard, chuo kilekile cha Operation Match, ilianzishwa Facebook, ikiwa na daftari moja na mwenye daftari mmoja.